Tawi la chini, upande wa kushoto

"Mama, mti huu mbona umevunjika? Niugundishe?"

Mkononi alikuwa na ule mti mdogo wa waya, wa rafu ya juu. Nikamwambia aurudishe taratibu, haukuvunjika, ulivunjwa. Jibu halikumtosha, lakini muda si mrefu alishakimbilia mchezo mwingine. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama na mti, mawazo yako mezani kwa Mjomba.

Siku ile tulikuwa tunajaza miti kona ya bwawani, kwenye meza yake ya treni za mfano. Mnaomfahamu Mjomba mnajua hakuwa mtu wa maneno, na akiwa kwenye reli zake ndogo ndiyo kabisa. Ukimuuliza swali anakupa kazi. Miti ya nyuma, ile ya kufunika mlima, tulishaimaliza kwa njia ya mkato: nyuzi za katani unazibana katikati ya waya mbili, ncha moja unaitia kwenye drili, drili ikizunguka zinatawanyika pande zote, unachonga kwa mkasi, unapulizia rangi. Ukiuona kwa mbali ni msonobari, hauna ubishi. Ukiusogelea, ni brashi ya kuoshea chupa.

Wa mbele ndio uliotaka subira. Alinipa kipande cha kebo ya umeme nikachuna ganda, ndani nyuzi nyembamba za shaba. Zote unazisokota pamoja kuwa shina, chini unaacha chache zitawanyike ziwe mizizi. Ukifika kwenye tawi la kwanza unatenga fungu, unalisokota lenyewe, na shina linaendelea juu likiwa limepungua unene bila wewe kulipunguza. Hapo ndipo utamu wote ulipo, maana hata mti wa kweli shina lake hupungua kila linapotoa tawi. Unagawa, unasokota, unagawa tena, mpaka ncha zinabaki uzi mmoja mmoja na vidole vimechubuka. Skeli yetu ilikuwa HO, yaani 1:87, kila kitu kidogo mara 87 kuliko cha kweli, kwa hiyo mti wa mita 20 unatoka sentimita 23. Wengi huutengeneza nusu ya hapo, wakihofia utaimeza treni. Mjomba hilo halikumsumbua. "Mti ni mkubwa," alisema. "Treni ndiyo ipite chini yake."

Nikaupaka gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mbao lililochekechwa, nikachora gome kwa sindano kabla halijakauka. Rangi nilishika kahawia. Hakusema kitu, alinyoosha kidole dirishani tu. Magome ya kule nje yalikuwa ya kijivu. Majani yalikuwa sponji iliyosagwa kwenye blenda na kutiwa rangi: kijani iliyopauka kwa juu, iliyokolea kwa chini. Unapulizia gundi kwenye ncha za matawi peke yake, unanyunyiza, unaukung'uta. Katikati unaacha wazi, mtu aone upande wa pili.

Ulipokauka nikausimamisha mbele yake. Mwanga wa taa ya meza ulipenya kwenye majani ukaangukia tuta la reli, vidoa vidoa. Mjomba akauzungusha kwa vidole viwili, polepole, mzunguko mzima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mimi nasubiri kuambiwa vizuri. Akachukua plaizi, akalibana tawi la chini, upande wa kushoto, lile refu kuliko yote, na kulipinda. Shaba haikatiki kwa mara moja. Ilibidi alipandishe, alishushe, alipandishe tena, huku gome likimeguka vipande vipande na majani yangu yakimwagika mezani yakawa vumbi la kijani. Likakatika, kach. Akaacha kisiki cha kama nusu sentimita, akachovya brashi nyembamba kabisa kwenye rangi ya mbao mbichi, manjano iliyofifia, akakigusa pale ambapo gome lingekuwa limechanika. Kisha akauchomeka mti kwenye shimo lake.

"Sasa unakaa," akasema.

Sikumsemesha mpaka usiku.

Miaka yote hii habari hiyo nimeisimulia kama somo. Kwamba mti uliotimia kila upande ni mti ambao haujawahi kuona upepo. Kwamba jicho la mtu haliamini kitu kisicho na jeraha. Nimewaambia wengi, na wote walitikisa kichwa kwa kukubali. Hata mimi nilikuwa najiona nina hekima.

Ila juzi, mti ukiwa mkononi, likanijia jambo ambalo sijui kwa nini halikunijia zamani. Mti ule ulisimama upande wa ndani wa kona. Behewa la abiria la mita 26 kwenye HO linakaribia sentimita 30, na likiingia kwenye kona magurudumu yanafuata reli lakini tumbo la behewa linakata kwa ndani. Kona ikiwa kali, linatoka nje ya njia yake kwa zaidi ya sentimita moja. Na tawi lenyewe lilikuwa usawa wa paa la behewa. Inawezekana kabisa Mjomba siku ile hakuwa anafundisha lolote. Alikuwa na treni ya kupitisha.

Wa kuulizwa hayupo, na kona nayo ilibomolewa meza ilipouzwa, kwa hiyo hata kupima siwezi. Kinachonitatiza ni ile rangi kwenye kisiki. Mwenye haja ya kupitisha behewa tu angekata, basi. Lakini Mjomba ndiye yule aliyekuwa akipaka kutu hadi chini ya uvungu wa mabehewa, kusikoonwa na mtu, kwa hiyo huo nao si ushahidi.

Miti ninayotengeneza siku hizi bado naivunja tawi mojamoja, hata inayosimama mbali na reli. Wakiniuliza nasema ni upepo.