Okidi Mbili za Dodoma, Ukoo Mmoja

Kazi ya kupima viwanja ina faida ambayo haimo kwenye mkataba: unalipwa kutembea porini. Huku Nala, na ukielekea Hombolo, wenzangu wakitafuta bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, mimi natafuta okidi, mimea inayopendwa kwa maua yake. Ndiyo, Dodoma hii hii ya mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka.

Ninazozifuatilia zaidi ni Eulophia petersii na Eulophia speciosa. Ni ndugu kabisa, ila kwa sura huwezi kukisia.

Petersii ukiipita haraka utasema ni katani pori. Majani magumu, kijani cha kijivu, yamesimama wima. Pitisha kidole taratibu pembeni mwa jani: kuna vimeno vidogo vinavyokwaruza kama msumeno. Chini ya majani kuna bonge lenye mifereji, limekaa juu ya ardhi waziwazi, na mizizi minene myeupe imetambaa kwenye changarawe. Bonge hilo ndilo tangi lake la maji, kwa hiyo hata Septemba, migunga ikiwa mikavu, utaikuta ipo. Bua la maua huweza kuzidi kimo cha mtu. Maua yenyewe, tuseme ukweli, si ya kumpelekea mchumba: nje yana rangi ya kijani na kahawia, ncha zimejikunja, na mdomo, yaani petali ya chini, ni mweupe wenye mistari ya zambarau.

Speciosa ameficha akiba yake ardhini. Yeye hupenda mchanga na nyasi za wazi, na akichanua utamwona kwa mbali: njano kali. Maua huanza kufunguka chini ya bua yakipanda juu, hivyo bua moja hupamba kwa wiki kadhaa. Lakini ni tapeli. Nyuki wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao huja wakitegemea nekta, hawaikuti, na wanaondoka wamebandikwa chavua.

Wote humsifu speciosa. Mimi nampenda petersii, kwa ubishi wake.

Msiniombe mbegu. Ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na porini hazioti bila kuvu wa kuzilisha. Ila kama greda linakuja kusafisha kiwanja chako, petersii mhamishe mapema pamoja na changarawe yake. Bonge liko juu, kazi si kubwa. Speciosa chimba kwa upana, na usimguse bua likiwa limesimama.