Njia za Ruaka Zisizokutana

Dirisha la jikoni mwangu linatazama kibanda cha mama mboga kilicho ng'ambo ya ukuta. Namsikia hata akihesabu chenji, lakini nikitaka sukuma wiki yake ni lazima nipande hadi Barabara ya Limuru, niambae ambae kando ya matatu, kisha niteremke kwa njia nyingine, mwendo wa robo saa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Ruaka, mji wetu mdogo ulio pembezoni mwa Nairobi, ilijengwa bila mpango. Kumbe mpango upo, ila ulikuwa wa mashamba. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipounganisha vipande vya ardhi huku Kiambu, familia nyingi zilipata shamba moja refu na jembamba, lililoanzia barabara ya mgongoni mwa kilima hadi mtoni. Umbo hilo lilimfaa mkulima, kwa kuwa alipata barabara juu na maji chini. Wajukuu walipoanza kujenga maghorofa ya kupangisha, kila mmoja aliacha njia ndani ya shamba lake mwenyewe, nayo ikateremka hadi ikagota ukutani au mtoni. Njia zetu basi si chache. Zimepangana kama meno ya kitana.

Nilimuuliza mzee mwenye nyumba kwa nini hakutoboa njia ya kwenda kwa jirani. "Mwanangu," akanijibu, "nikitoa futi ishirini, yeye atatoa ngapi?" Sikuwa na jibu, maana anayetoa hupoteza vyumba vya kodi, na anayefaidi ni mpita njia.

Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, kilomita chache tu kutoka hapa, hupendekeza makutano ya barabara yasiyopungua 100 katika kila kilomita ya mraba. Katikati ya jiji la Nairobi faida yake huonekana: Moi Avenue ikijaa, dereva hukata kona akaingia Kimathi au Muindi Mbingu. Huku kwetu lori la maji likikwama, njia nzima imefungwa.

Mvua za mwaka jana ziliangusha kipande cha ule ukuta. Kwa wiki tatu tulipita juu ya vifusi, na mama mboga akawa anafunga saa tatu usiku. Kisha mafundi wakaleta mawe.