Chumba cha Ijumaa

Jumamosi usiku. Baba Nasra keshalala, umeme upo, na mimi nimeshindwa kusahihisha hata daftari moja, kisa maneno ya mtoto wa miaka 14.

Chumba changu cha Ijumaa mnakijua. Mliokuwa nami tangu mwezi wa tatu mnakumbuka nilivyoililia ile stoo ya viti vibovu, nikapaka chokaa mwenyewe, nikaazima mkeka kwa wifi (hajaacha kuudai). Ni cha watoto wa kidato cha kwanza waliotoka mikoani, wanaokaa kwa mjomba au shangazi huku Mbagala, na ambao tangu Januari hawajafungua mdomo. Darasani wako 87. Miaka saba ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, huku wamekutana na baiolojia, jiografia na hata hisabati kwa Kiingereza, na wakitoka nje kupumzika wanachekwa hicho Kiswahili chenyewe. Basi Ijumaa baada ya vipindi tunakaa chini, nanunua mihogo ya kukaanga, kila mtu anaongea anavyojua. Sheria ni moja: hakuna kutaniana kabila wala mkoa.

Yule kijana wa Newala ndiye aliyetangulia kuja. Darasani hawamwiti jina lake, wanamwita "Newala" tu. Mle ndani nilipiga marufuku.

Jumanne nilikuwa wa zamu. Akanifuata bombani, ameshika ndoo.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Vipi?"

"Naomba nisije tena Ijumaa."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Madam. Nimewaza mwenyewe."

"Umewaza nini?"

Akaangalia ndoo. "Nikitoka mle, Jumatatu naanza upya kuwa mgeni."

Na mimi, mwalimu wa malezi, mwenye cheti cha semina ukutani, nikajibu: "Haya, kamwagilie maua."

Kamwagilie maua! Tangu siku hiyo wathibiti ubora wamekuja na kuondoka, mwalimu wetu wa fizikia kapata uhamisho, mdogo wangu kaletewa barua ya posa, na mimi niko pale pale bombani. Nikikuna nazi namsikia. Nikiwa kwenye daladala namsikia. Na wala si lile la ugeni linalonichoma zaidi. Ni lile swali langu, "Nani kakutuma?" Sikuuliza kwa nini. Niliona moja kwa moja kuna mkubwa wake nyuma ya jengo aliyemtisha, kwa sababu haikuniingia akilini kwamba mtoto ninayemlisha mihogo anaweza kukaa akakipima chumba changu akaona hakimfai. Nimewaza mwenyewe. Alilisema taratibu kabisa, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Jana, Ijumaa, wakaja wanne. Mihogo ikabaki. Nikatoka nimenuna, sahani mkononi, nikapita njia ya uwanjani ili nisikutane na mtu wa ofisini.

Wavulana walikuwa wanacheza, matofali mawili mawili ndiyo magoli. "Newala! Newala, toka! Toka golini!" Nikasimama, nataka kupayuka kama kawaida yangu. Mara kijana akachomoka, akajitupa vumbini, akaukumbatia mpira. Alipoinuka akafoka, "We Kibonge, unakaba nini? Unakaba upepo?" Kwa lafudhi yake yote ya Kimakonde, hajapunguza hata chembe. Wakacheka wote, na Kibonge mwenyewe akacheka.

Miezi yote hii mle chumbani alikuwa akininong'onea. Sikujua kama ana sauti kubwa hivyo.

Nikaiweka sahani karibu na goli. Haikupita dakika, imeisha. Mmoja akauliza, "Madam, pilipili iko wapi?" Ndiyo shukrani niliyopata, na nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu hadi konda akanitazama mara mbili.

Sisemi majina ya utani hayaumi. Nimeshaona mtoto akihama shule kwa jina kama hilo, na sijui siku gani hasa "Newala" liliacha kuwa tusi likawa jezi. Labda halijaacha, labda anavumilia. Na chumba sikifungi. Kuna binti wa Kibondo, anakula vipande viwili, hasemi neno, anaondoka. Wiki iliyopita aliniuliza kama sikukuu nako kunakuwa wazi. Yeye hana uwanja wa kujitupia. Ila ile sheria ya utani nitaiangalia upya, na pengine Ijumaa ijayo mkeka nitautandika nje chini ya mwarobaini, anayepita apite, anayetaka akae.

Ningelala sasa hivi nimetulia, lakini mdogo wangu kaninong'oneza kwamba Mama ameacha vidonge vya presha tangu wiki iliyopita, anachemsha majani ya mlonge. Eti vidonge vinamlegeza. Nimempigia mara tatu leo, simu inaita tu. Baba Nasra anasema labda kaiacha kwenye chaji kwa jirani. Labda. Alfajiri napanda gari la Kibiti pale Rangi Tatu, na haya madaftari 87 nitayapakata.