Taa kwanza, rangi baadaye: nilivyomalizia nyumba yetu Kigamboni

Nyumba ikishapauliwa, kila anayepita ana ushauri wa dari. Mmoja anataka jipsamu ya ngazi tatu yenye taa za bluu pembezoni, mwingine anakusihi uweke taa kumi na mbili sebuleni ili ing'ae. Mimi nilimwomba fundi umeme asitindue ukuta wowote mpaka nimalize kuchora fanicha sakafuni.

Nilichora kwa chaki juu ya zege: hapa sofa, hapa kabati la runinga, hapa kitanda, mlango huu unafungukia huku. Kitanda kikishajulikana kilipo, swichi na soketi hazina tena ubishi. Chumbani nilitaka swichi ya njia mbili, moja mlangoni na nyingine usawa wa mto, na korido nayo kila mwisho na swichi yake. Kabla ya ripu, yaani plasta ya ukuta, hiyo ni kazi ya waya na bomba za ziada tu. Baada ya ripu ni kubomoa ulichokwisha kulipia.

Kuhusu idadi ya taa tulivutana kidogo. Sebule yetu ni mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Nikakadiria lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 150 kwa kila mita ya mraba, jumla 3,000. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takribani lumeni 800, kwa hiyo nne zinatosha kwa mwanga wa kawaida.

"Dada, taa nne sebule yote hii? Wageni watasema hela zilikata."

"Fundi, wageni watakuja Idi na Krismasi. Luku naijaza mimi."

Tukakubaliana nne za dari kwenye swichi moja, na mbili za ukutani kwenye swichi yake, za kuwasha jioni tukitazama taarifa ya habari. Zile nne hazikukaa juu ya mapanga ya pangaboi. Taa ikiwa juu ya panga linalozunguka, chumba kizima kinapepesa na kichwa kinauma. Pangaboi lenyewe lilining'inizwa kwenye mbao za kenchi, zile zinazobeba paa. Bodi ya jipsamu haibebi mzigo wa aina hiyo.

Jikoni ndiko nilikokuwa mkali zaidi. Taa moja katikati ya dari inampiga mpishi mgongoni, kisha kivuli chake kinalala juu ya ubao wa kukatia vitunguu, pale pale penye kisu. Tukapitisha waya wa stripu ya LED chini ya makabati ya juu, mwanga ukashuka moja kwa moja kwenye kaunta. Ukinibana bajeti nichague kitu kimoja tu cha ziada nyumba nzima, nachagua hiki.

Rangi ya ukuta niliichagua usiku. Nilinunua balbu tatu za wati 9, ya kelvini 3,000, ya 4,000 na ya 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni ya manjano, kubwa ni nyeupe ya kibluu), nikazifunga kwa zamu kwenye ekstensheni mbele ya kipande cha bodi kilichopakwa krimu na kigae kimoja cha sakafu. Chini ya 6,500 krimu ilipauka ikawa kama chokaa, na kigae kikageuka kijivu cha hospitali. Chini ya 3,000 krimu hiyo hiyo ikawa na joto la siagi. Dukani, chini ya taa zao nyeupe, nisingeiona tofauti hiyo. Sebule na vyumba vikapata 3,000, jikoni na mezani pa watoto kusomea 4,000. Ile ya 6,500 iko getini.

Fundi rangi naye nilimpa kazi ya usiku. Ukuta wenye taa za pembeni hauna siri: kila wimbi la skimingi, ule mpako laini wa mwisho, linaonekana. Tulishika balbu ikagusana na ukuta, mwanga ukatambaa kiubavu, naye akizungushia penseli kila shimo na kila alama ya pasi ya kulainishia. Alinuna mwanzoni, lakini mabaka yale yalizibwa kwa wolputi na kupigwa msasa kabla ya praima, rangi ya kwanza ya chini, na ukuta wa taa umetulia kuliko mingine yote.

Bafuni sikuwa na la kujadili: bodi ya jipsamu inayostahimili unyevu na taa zenye alama ya IP44, yaani zinazostahimili maji ya kurukia.

Kabla ya ripu nilipiga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ya bomba za waya. Fundi wa pazia alipokuja na dirili yake, nilimfungulia simu kwanza. Juu ya dirisha la chumba cha watoto akahamisha tundu moja sentimita 10 kulia, akaendelea na kazi.