Tangi la maji baridi ya bahari: shughulikia baridi kabla ya samaki

Anayetaka kufuga nyumbani viumbe wa miamba ya pwani ya Uingereza aweke taa mwisho wa orodha. Anemoni mwekundu, Actinia equina, kiumbe laini anayejishikiza mwambani, hahitaji mwanga mkali kama matumbawe. Samaki mdogo Lipophrys pholis na kamba wa jamii ya Palaemon hali kadhalika. Wanachotaka ni maji ya nyuzi 12 hadi 15 mwaka mzima. Maji yakipwa huvumilia dimbwi lililopata jua kwa saa chache. Wiki nzima ya joto ni habari nyingine.

Chukua tangi la lita 120 lenye kioo cha milimita 10. Chumba kikiwa nyuzi 24 na maji 14, kioo peke yake huingiza joto la wati 50 au 60. Ongeza pampu na taa, unakaribia wati 100. Vipozeo (mashine za kupoza maji) vidogo visivyo na kompresa kama ya friji havifui dafu hapo. Nunua chenye kompresa, hata cha moja ya kumi ya nguvu ya farasi, na usikifungie kabatini: kitavuta hewa moto kinayoitoa chenyewe, kisizime kamwe.

Funika mgongo, ubavu na chini ya tangi kwa stairofomu (povu gumu la plastiki) ya milimita 25. Inapunguza umeme, na inazuia kioo kutoka jasho. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha umande kwenye kitu cha nyuzi 16 hivi, kwa hiyo kioo cha mbele kitalowa siku za unyevu mwingi. Nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, matone yadondoke sakafuni na si kwenye umeme.

Chumvi ya akwariamu ni gramu 36 hadi 38 kwa lita ya maji yaliyochujwa kwa osmosisi, yaani kwa utando unaozuia chumvi na uchafu. Ikorogwe na pampu ndani ya ndoo kwa saa 24, isimwagwe tangini kavu. Lenga uzito mahususi (uzito ukilinganishwa na maji safi) wa 1.026. Haidromita nyingi, vipimo vinavyoelea vya kusoma uzito huo, zimepimwa kwa nyuzi 25. Ukiitumbukiza kwenye maji ya 14 itasoma juu kuliko ukweli, nawe utapunguza chumvi bila sababu. Acha sampuli ipate joto kwanza. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza yasiyo na chumvi.

Bakteria wa chujio, wanaoondoa sumu za uchafu wa viumbe, yaani amonia na nitriti, huzaliana polepole mno kwenye baridi. Waanzishe kwenye nyuzi 20 au 22, kipozeo kikiwa kimezimwa, ukiwalisha amonia miligramu 2 kwa lita. Ikitoweka pamoja na nitriti ndani ya saa 24, shusha joto nyuzi 2 kila wiki, kisha rudia kipimo kwenye 14. Wengi huruka kipimo hicho cha pili, na ndicho chenye maana, kwa kuwa bakteria walewale sasa wanafanya kazi kwa uvivu.

Mfuniko ni lazima. Lipophrys hutoka majini kwa hiari yake. Kaa wa kijani, Carcinus maenas, mwache pwani: akikua kidogo atakula wenzake. Anemoni anatosheka na kipande cha kome mara moja kwa wiki.

Umeme ukikatika, weka tangini chupa za maji yaliyogandishwa zielee, vifuniko vimekazwa. Barafu tupu hupunguza chumvi.