Tulivyokubaliana namna ya kupeana kazi za CNC, Kariobangi

Hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi, tunatumia mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, na ni nadra karakana moja kumaliza oda kubwa peke yake. Mwenye oda ya flanji na bushi za pampu ana mashine ya kuchonga lakini hana ya kukereza. Jirani anakereza vizuri, ila kontrola yake, kompyuta inayoongoza mashine, ni ya kale. Kijana wa mtaa wa nyuma amejiundia mashine kwa GRBL, programu ya bure ya kuongoza mashine, na mota za stepa, zinazozunguka hatua kwa hatua. Kwa hiyo faili za kazi hutembea kwa flashi na WhatsApp, na kila ikitua kwenye mashine mpya kizaazaa kinaanza.

Wateja hudhani G-code, yaani amri zinazoiambia mashine kisu kiende wapi, ni lugha moja. Kiwango kweli kipo: RS-274D ya Marekani ilitoka 1980, kisha ISO 6983 mwaka 1982. Lakini kila mtengenezaji wa kontrola akaongeza na kupunguza alivyoona. Chukua amri ya kusubiri, G4 P1000. Kwenye kontrola za kampuni ya Fanuc ni sekunde 1. Kwenye LinuxCNC, programu nyingine ya bure, au GRBL ni sekunde 1000, yaani zaidi ya dakika 16 kisu kikisugua chuma palepale huku fundi akidhani mashine imeganda. Kipimo X50 kisicho na nukta ya desimali, kontrola moja inaisoma milimita 50, nyingine mikroni 50, kutegemea ilivyosetiwa. Nayo G90 kwa mchongaji ni kupima kutoka sifuri, yaani pointi ya kuanzia. Kwa mkerezaji mwenye Fanuc ya mfumo A, ni amri ya kupiga mkato mzima wa kukereza. Hilo la mwisho ndilo linalotisha.

Nikawaita majirani tukae. Vijana walikuja na waraka wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2000 kuhusu RS-274, ambao hauuzwi, wakapendekeza sote tuufuate. Wazo zuri kwa wenye LinuxCNC, maana kontrola yao ilitokana na kazi hiyo hiyo. Mzee wa kukereza akawasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo vijana wangu, mimi niuze mashine ndio tuelewane?" Hoja ikafia hapo, na kwa maoni yangu ilistahili kufa.

Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu STEP-NC, yaani kiwango cha ISO 14649 na ndugu yake AP238 kilichotoka 2007. Humo faili haisemi kisu kiende wapi. Inasema kuna tundu hapa, kipenyo hiki, kina hiki, lisizidi wala kupungua kiasi hiki, na lipi litangulie. Mwendo wa kisu unaamuliwa na mashine yenyewe. Katika mashine zetu hakuna hata moja inayoisoma, lakini wazo halihitaji kontrola mpya. Tukakubaliana: G-code haitoki nje ya karakana. Kinachotoka ni umbo katika faili ya STEP, ambayo karibu kila programu ya kuchora kwa 3D inaifungua, pamoja na karatasi moja ya maelezo. Kila mtu atajitengenezea G-code yake.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotula muda. Visu kwanza: T3, yaani kisu namba tatu, kwangu ni cha milimita 6, kwa jirani ni keekee. Tukafuta namba kabisa. Tunaandika aina, kipenyo, idadi ya makali na urefu unaotokeza. Sifuri nayo inaandikwa kwa maneno, uso upi na kona ipi, tena mshale unachorwa. Mzee akadai karatasi ichapishwe kwa sababu kompyuta haimhusu, na ikipingana na faili, karatasi ndiyo ifuatwe. Vijana walinung'unika. Mimi nilimuunga mkono: kosa kwenye karatasi linaonwa na yeyote anayepita, la kwenye faili linaonwa na aliyeifungua tu.

Ubishi mkali zaidi haukuwa wa kiufundi. Watu waliogopa kunyang'anywa wateja. Ukimpa mwenzako mchoro wa pampu nzima, kesho anaweza kumpigia mteja wako simu. Basi ukatoka mkataba wa mdomo: kipande kimoja kwa faili moja, bila jina la mteja, na jina la faili liwe na namba ya toleo. Anayebadilisha kipimo anaongeza namba na kutia sahihi kwenye karatasi. Bila hilo nadhani kikao kingevunjika kabla ya chai.

Kazi sasa zinapita bila simu nyingi. Kilichobaki ni nyuzi za mabomba. Mteja husema "nusu inchi", na nyuzi hizo zina kipenyo cha nje cha milimita 20.955, mbali kabisa na nusu inchi, tena kwenye ISO 228 zinaandikwa G 1/2, herufi ile ile inayotusumbua. Kwa sasa tunaandika kipenyo chote na nyuzi 14 kwa inchi. Mzee anataka sampuli ya kufungia ipelekwe pamoja na karatasi, na hatujaamua nani atailipia.