Kutoka Casal Ventoso hadi Pasteleira: safari ya Ureno

Ukishuka Rua Augusta, katikati ya Lisbon, hufiki mbali kabla mtu hajakusogelea na kukunong'oneza: hashishi, kokeini. Kiganjani ana kipande cheusi kilichoviringishwa kwenye nailoni. Mara nyingi kile ni majani ya kuungia mchuzi yaliyosagwa yakagandamizwa, na ndiyo maana anauza bila kujificha sana: sheria ya dawa za kulevya haimgusi anayeuza kiungo cha jikoni. Mgeni huondoka pale akiamini Ureno imeruhusu kila kitu.

Haijaruhusu. Kuuza kunabaki jinai, na Amri ya Sheria namba 15/93 inampa mfanyabiashara kifungo cha miaka 4 hadi 12. Kilichobadilika tarehe 1 Julai 2001, Sheria namba 30/2000 ilipoanza kutumika, ni kwamba anayekutwa na kiasi cha kutumia mwenyewe hapelekwi mahakamani. Amekosa, anaandikiwa na anaitwa. Nilikwenda Ureno kufuata huo wito: unampeleka wapi, na akifika anakuta nini.

Nilianzia bonde la Alcântara, chini ya mfereji wa kale wa Águas Livres ambao matao yake makubwa yanapita mita 60 kwenda juu. Kwenye mteremko wa bonde hilo ndipo lilipokuwa soko la Casal Ventoso. Miaka ya 1990 watu walifika kwa maelfu kununua heroini na kujidunga mchana kweupe, katika nchi ya watu milioni 10 ambayo watumiaji wa heroini walikadiriwa kufikia asilimia 1. Watoto wa mawaziri na wa wavuvi walikuwa kwenye foleni moja. Mwaka 1998 serikali iliteua jopo la wataalamu, daktari João Goulão akiwemo, na mapendekezo yao yakawa mkakati wa taifa wa 1999. Walipendekeza mambo mawili yaende pamoja: kumtoa mtumiaji mahakamani, na kupanua tiba, sindano safi na namna ya kumrudisha mtu kazini. Wanaobishana kuhusu Ureno leo, wa upande wowote, karibu wote hutaja la kwanza na kuliacha la pili.

Nyumba za Casal Ventoso zilibomolewa, familia zikahamishiwa majengo mapya, na biashara ikawafuata hatua chache tu. Ndiyo sababu huku bondeni, Quinta do Loureiro, jiji lilifungua mwaka 2021 chumba chake cha kwanza cha kudumu cha kutumia dawa chini ya uangalizi. Utaratibu wa vyumba vya aina hii ni mwepesi. Mtu hujiandikisha, hutaja anachotaka kutumia na kwa njia gani, hunawa mikono, hupewa vifaa. Dawa anakuja nayo mwenyewe. Mhudumu hampi wala hamdungi. Muuguzi hutazama pumzi na rangi ya midomo, oksijeni na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, zikiwa karibu.

Vifaa vyenyewe vinastahili kutazamwa kimoja kimoja: sindano, kijikopo cha bati, kichujio, maji safi yasiyo na vijidudu, kipangusio cha spiriti, na kijipakiti cha asidi ya sitriki. Hicho cha mwisho mgeni hukiona cha ajabu. Heroini ya kahawia inayouzwa Ulaya haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, inataka asidi kidogo. Asiye nayo hukamua limau, na limau lililokatwa tangu jana hubeba kuvu. Kuvu hilo likiingia kwenye damu linaweza kufika jichoni na kumpofusha mtu. Kijipakiti cha bei ndogo kabisa kinaokoa jicho. Ureno ilianza kubadilishana sindano kupitia maduka ya dawa mwaka 1993, miaka minane kabla ya sheria, na hapo ndipo mizizi ya mafanikio yake ilipo. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yalikuwa zaidi ya 1,000 mwaka 2001. Mwaka 2012 hayakufika 100.

Kisha kuna magari ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, yanayozunguka Lisbon. Gari husimama mahali palepale, saa ileile. Muuguzi hupima dozi ya maji kwenye kikombe cha plastiki na mgonjwa huinywa mbele yake. Haulizwi kama ameacha heroini. Dozi hushikilia takriban saa 24, kwa hiyo gari likibadilisha kituo bila taarifa, usiku arosto inaanza na mtu anarudi kwa muuzaji. Aliyekosa siku tatu mfululizo haendelei na dozi yake ya zamani: mwili umeshaanza kupoteza uzoefu, na kiasi kilichomtuliza juma lililopita kinaweza kumkata pumzi. Hupunguziwa, kisha hupandishwa polepole. Hapa ndipo mpango wa methadoni unapoweza kuua ukiendeshwa kwa haraka.

Sasa wito wenyewe. Askari akimkuta mtu na dawa, huichukua, huandika taarifa na kumtaka afike ndani ya saa 72 mbele ya tume ya kuzuia uraibu, inayojulikana kwa kifupi kama CDT. Mpaka wa "kiasi cha mwenyewe" ni matumizi ya siku 10, na kwa jedwali linalotumika maana yake ni heroini gramu 1, kokeini gramu 2, hashishi gramu 5, bangi ya majani gramu 25, MDMA (ecstasy) gramu 1. Mpaka huo ulileta taabu yake. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Ureno iliamua kwamba anayezidisha, hata kama ni kwa matumizi yake, anarudi kwenye jinai. Gramu chache za bangi zikawa zinatosha kumfikisha mtu kwa hakimu. Sheria namba 55/2023 ndiyo iliyolegeza fundo hilo: gramu sasa ni dalili tu, na mtu anaweza kuonyesha kwamba hakuwa muuzaji.

Kikao cha tume ni cha faragha, kwa hiyo mpita njia hakioni. Wajumbe ni watatu: mmoja wa sheria, wengine kutoka udaktari, saikolojia au ustawi wa jamii. Hakuna joho wala kizimba. Kabla ya kikao timu ya wataalamu humhoji mtu ili kujua jambo moja kubwa: ni mraibu au si mraibu. Asiye mraibu, kama ni mara yake ya kwanza, shauri lake husimamishwa, na asiporudia jalada hufungwa. Mraibu anayekubali tiba husimamishiwa vilevile. Mraibu hatozwi faini hata kidogo, na hili naliona kuwa busara kubwa ya sheria hii, kwa sababu faini ya mraibu hulipwa kwa wizi au kwa mwili wake. Wengine wanaweza kutozwa, kuonywa, kutakiwa kuripoti mara kwa mara, au kukatazwa kufika mahali fulani.

Jimbo la Oregon huko Marekani liliiga nusu ya jambo hili. Kuanzia Februari 2021 aliyekutwa na dawa alipewa karatasi ya faini ya dola 100, inayofutwa akipiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Waliopiga simu walikuwa wachache sana. Hakukuwa na meza ya kukalia wala mtu wa kumsubiri, na fedha za tiba zilichelewa kufika. Septemba 2024 kumiliki dawa kukarudi kuwa kosa la jinai.

Treni ya kwenda Porto huondoka Santa Apolónia na kuchukua saa tatu hivi, ikipita Coimbra na Aveiro. Ureno bara ina tume 18, moja kwa kila mji mkuu wa wilaya, na tume inayomhusu mtu ni ya anakoishi. Mkazi wa Aveiro aliyekamatwa Lisbon husikilizwa Aveiro, karibu na zahanati itakayomtibu. Mpango mzuri, ila mwaka 2012, wakati wa kubana matumizi, taasisi iliyokuwa ikishika kila kitu ilivunjwa. Tume zikabaki chini ya chombo kipya, zahanati zikagawiwa mamlaka tano za afya za kanda. Anayemwelekeza mgonjwa na anayempokea wakawa na mabosi tofauti. Chombo cha kuziunganisha tena, ICAD, kiliundwa mwaka 2023.

Porto ilirudia somo la Casal Ventoso. Minara mitano ya makazi ya mtaa wa Aleixo iliangushwa kati ya 2011 na 2019, na soko la dawa likahamia mtaa wa Pasteleira, umbali wa kutembea. Chumba cha uangalizi kilifunguliwa huko mwaka 2022. Mwaka 2023 meya wa wakati huo, Rui Moreira, alitaka matumizi ya hadharani, hasa karibu na shule, yarudi kuwa jinai. Siwalaumu wakazi wanaookota sindano mlangoni kwao. Lakini tazama kinachovutwa pale: kokeini ya kuvuta, ambayo nguvu yake huisha baada ya dakika chache na mtu huirudia mara nyingi kwa siku. Kwa kokeini hakuna kikombe cha methadoni. Dawa mbadala ya namna hiyo haijapatikana. Chumba kilichopangwa kwa ajili ya watu wanaojidunga mara chache kwa siku hujaa haraka, na anayekosa kiti huvutia barabarani. Pasteleira inahitaji viti vingi zaidi vya wavutaji, vyenye mitambo ya kutoa moshi, saa za usiku, na vyumba vya kulala kwa wasio na makazi. Askari akimkamata mvutaji huyo leo na kumwachia kesho, atamkuta kona ileile.